Kifo, Dereva wa Kirumba

Butembo, Jumapili, 9 Septemba 2001

Padri wetu, Abbé Apollinaire, amenikamata leo mlangoni mwa kanisa. "Mwalimu Ngalula, weye njo unajua kuchora." "Njo" ya huku ni "ndio" yangu. Nilifikiri anataka malaika wa Noeli mapema. Kumbe anataka kitabu. Mama Katungu, yule muuza maharagi, ana mashairi ya kifo anayoyasema kwenye matanga, na watu wamechoka kuyasahau. Mimi niyaandike na kuyachorea picha. Kitabu kiwe tayari tarehe 2 Novemba, siku ya kuombea marehemu.

Nilikubali kwa kukosa uongo wa haraka. Huyo mama namjua. Kwenye matanga ya mama wa directeur wa shule yetu alisimama bila kuitwa, akapaza sauti kama tarumbeta, watu wakalia, halafu wakacheka, halafu wakalia tena. Mimi nilitia vidole masikioni. Kwetu Kananga mtu akifa tunamlilia kwa mpango.

Mvua imeanza.

Jumatano, 12 Septemba

Nimeenda kwake na daftari. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia, "Mama, ningependa kukusikiliza iwapo una nafasi." Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mwalimu, Swahili yako inavala viatu na soksi! Njo balikufundisha masista?"

"Ndiyo, Mama."

"Ya kwangu inatembeaka miguu chini. Usiivalishe viatu mu kitabu, utaiumiza vidole."

Halafu akaanza kusema, na sikuwahi kuandika hata mstari wa pili. Hasemi polepole. Anachagua maharagi, anagombana na jirani juu ya ukuta, anasema shairi, vyote kwa pumzi moja.

Jumamosi, 15 Septemba

Shairi la kwanza limeingia daftarini. Nimeliandika kama alivyolisema, miguu chini:

*Kifo iko dereva ya Kirumba,
eko anaita: "Fasi moja! Fasi moja!"
Hata kamyo inajaa mupaka juu,
fasi yako hapana kukosekana.*

Kirumba ni mji wa kusini, kamyo ni lori, fasi ni nafasi. Nimelisoma mara tano. Nimecheka. Kisha nikaacha kucheka.

Jumatatu, 17 Septemba

Mvua. Watoto wa kalasi ya tano wamefika ishirini tu, matope mpaka magotini.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimempelekea picha ya kwanza. Nilichora Kifo kama nilivyokiona katika vitabu vya masista: mifupa mitupu, joho jeusi, na ule mundu mrefu wa kukatia ngano. Nilijivunia sana mbavu zake.

Mama Katungu akaigeuza picha juu chini, chini juu. "Huyu ni nani?"

"Ni Kifo, Mama."

"Huyu hapana wa hapa. Angalia hii kisu yake. Hapa nani analima ngano? Na anakonda hivi, nani atamuogopa? Batu batamupatia chakula."

Nilikasirika. Nikamwambia achore yeye. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu, kwenda mu parking ya Kirumba, angalia namna badereva banaitaka batu. Njo utamuona."

Jumapili, 23 Septemba

Nimeenda baada ya misa. Nilisimama na kalamu yangu kati ya magunia ya viazi na mbuzi waliofungwa. Dereva mmoja mnene, kaunda suti ya kijani, jino moja la dhahabu, alikuwa ananing'inia mlangoni mwa kamyo, mkono mmoja hewani, anatabasamu kwa kila apitaye kama vile wote ni wajomba zake. "Mama, panda! Fasi moja tu! Tunatoka sasa hivi!" Kamyo haikuwa na nafasi hata ya kuku.

Nikamchora. Kifo ni hivi hivi: hakikasiriki, kinatabasamu, kina haraka.

Jumatatu, 24 Septemba

Mama Katungu ameiona. Amenipa maharagi kilo nzima na amekataa nimshukuru.

Jumamosi, 6 Oktoba

Tuna mashairi tisa na picha saba. Shairi la wakati ndilo ninalolipenda kupita yote:

*Saa iko mama anachagula maharagi,
ya mubaya kule, ya muzuri huku.
Anaongea na weye, anacheka na weye,
mikono yake hapana kupumuzika.*

Nimemchora yeye mwenyewe, pale pale kwenye kirago chake. Alipojiona alisema nimemzeesha. Nikafuta mikunjo miwili. Akasema, "Moja rudisha. Batasema ninakudanganyisha."

Nimeanza kuisubiri siku ya kwenda kwake. Niliandika wapi kwamba ana sauti ya tarumbeta? Ni kweli anayo. Lakini siku nisipomsikia, nyumba yangu inakuwa kimya mno.

Jumatano, 10 Oktoba

Abbé amesoma yote, amecheka mahali pa kucheka, kisha amekunja uso. "Mama Katungu, hii yote ni kufa tu na saa kupita. Kitabu ya mukristo hapana kuishia mu kaburi. Uzima ya milele iko wapi?"

"Abbé, mi sijafika kule. Nitasema nini?"

"Sema kama unavyoamini."

Nikajaribu kumsaidia. Nikachora mbingu: mawingu, malaika wenye vinanda, ukungu mweupe. Akaitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii ni Lubero asubuhi. Baridi hivi, milele na milele? Na batu bote benyewe banaikaa tu, mikono butupu? Mi nitaomba ruhusa ya kurudi."

Abbé alitoka nje ili acheke kwa heshima.

Jumamosi, 13 Oktoba

Limekuja! Mama Katungu alinijia shuleni katikati ya somo la hesabu, akasimama dirishani na mwavuli umevunjika, akalisema mbele ya watoto wote kabla halijamtoroka:

*Uzima ya milele iko soko ya Nyamuhanga,
jua hapana kushuka, mvua hapana kutawanya batu.
Ule ulipoteza, eko mbele yako ananunua chumvi.
Hapana mutu anasema: "Mi ninarudia."*

Nyamuhanga ni Mungu kwa Kinande, na kurudia kwao ni kurudi nyumbani. Hata mimi wa Kananga najua sasa. Watoto wakapiga makofi. Nilipoinama kuandika, niliona machozi yangu yameloweka ubao wa dawati, sijui yametoka wapi. Baba yangu alikufa mwaka jana. Barua ya kuniambia ilikaa njiani miezi saba kwa sababu ya vita. Sikumwambia mtu hapa. Leo nimemwambia Mama Katungu, pale pale dirishani. Amesema tu, "Anakungoja kwa chumvi," akaenda zake na mwavuli wake.

Ijumaa, 19 Oktoba

Kesho Beni. Mashini ya ronéo ya parokia, ile ya kuchapia kwa stensili, iliibiwa tangu vita vya kwanza, na huku Butembo zilizobaki hakuna anayetuazima. Lakini Beni kuna mtu anaitwa Zorobabel, ana yake nyumbani. Tunapanda kamyo ya vitunguu, mimi na Mama Katungu na mfuko wa picha.

Beni, Jumamosi, 20 Oktoba

Tumefika. Niandike polepole.

Karibu na Kalunguta kuna bariyeri, kamba tu na magogo mawili. Askari walitushusha wote. Adjudant mmoja mrefu, jina lake Grady, alifungua mfuko wangu na kutoa picha moja moja. Alifika kwenye ile ya bariyeri. Shairi lake linasema Kifo kina bariyeri isiyo na njia ya nyuma, na mimi, mjinga, nilimchora Kifo ameketi kando ya kamba, bunduki magotini, kofia nyekundu kichwani.

Grady akatupeleka kwa komanda wake chini ya shitingi, turubai lao la plastiki. Komanda Elikia. Katika Lingala jina hilo maana yake ni tumaini. Alikuwa na kofia nyekundu kichwani.

Akaiweka picha mezani. "Huyu ni nani?"

Nilianza kutafuta uongo.

"Kifo," alisema Mama Katungu.

"Na juu ya nini anavala kofia yangu?"

"Mon commandant, mwalimu huyu hapana kukujua, ni mara ya kwanza anapita hapa. Lakini kofia, kweli, njo ya kwako."

Nilifikiri ndio mwisho wetu. Komanda akamwambia, soma. Lakini Mama Katungu hajui kusoma. Akasimama na kulisema kwa kichwa, na komanda hasikii vizuri Swahili ya Wanande, basi mimi nikatafsiri kwa Lingala, mstari kwa mstari:

*Mukubwa anafika na kashe yake,
soda anafika na bunduki yake,
mutajiri anafika na bibaya na bizuri yake.
Kifo anasema: "Weka bintu chini, pita mikono butupu."*

Kashe ni muhuri, soda ni askari. Mvua inagonga shitingi. Kisha nyuma yangu Adjudant Grady akaanza kucheka, kicheko cha tumboni. "Chef! Liwa nde commandant ya solo!" Kwamba kifo ndicho komanda wa kweli. Askari wengine wakacheka pia. Komanda alijaribu kutocheka, akashindwa kwa upande mmoja wa mdomo.

"Picha inabadilika," alisema. "Kofia inatoka."

"Itatoka namna gani? Ni wino," nikasema.

"Mwalimu atajua."

Wakanipa kalamu. Nilifikiri kidogo, nikachora jani la mgomba juu ya kichwa cha Kifo, kubwa, linaloficha kofia yote na nusu ya uso, kama mtu anavyojikinga na mvua akiwa hana mwavuli. Nikatazama. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza! Kifo anayeogopa kulowa. Komanda aliinua karatasi. "Sasa anafanana na shemeji yangu," akasema, akaturudishia mfuko.

Grady alitusindikiza mpaka kwenye kamyo. Aliomba kitabu kikitoka apate kimoja. Anatoka Équateur, miaka sita hajaona kwao. Mama Katungu akamwahidi.

Tulipoondoka nilikuwa nacheka peke yangu kwa hofu iliyotoka. Mama Katungu hakucheka. Alikuwa anatazama kilima kilicho nyuma ya bariyeri.

"Njo pale," alisema. "Mathe, mutoto yangu. Alikuwa anatoka Beni na kinga yake, ile baiskeli, na mafuta ya mawese. Miaka mbili sasa. Banakuta kinga tu mu majani."

Sikujua. Nimekaa naye wiki sita, nimeandika mashairi kumi na mawili ya kifo kutoka kinywani mwake, na sikuwahi kujua kwamba ana mtoto asiye na kaburi.

"Na uliweza kuwachekesha, Mama?"

"Nilikuwa ninaangalia sura moja moja," alisema.

Jumatatu, 22 Oktoba

Zorobabel ni mtu mwema na mwoga wa ajabu. Nimekwaruza stensili siku mbili, macho yananiuma. Alipoona mada ya kitabu alikataa kuzungusha mashini peke yake chumbani. Kwa hiyo yeye anazungusha, mimi napokea karatasi, Mama Katungu ameketi mlangoni "kumulinda". Kila Kifo kinapotoka kwenye mashini Zorobabel anafanya ishara ya msalaba. Mia moja na hamsini, misalaba mia moja na hamsini.

Jumanne, 23 Oktoba

Wino umeisha. Vitabu ishirini vya mwisho vimetoka vya kijivu, kama vile Kifo mwenyewe amechoka. Zorobabel ameomba kimoja kati ya hivyo. Anasema kikiwa hafifu hakiogopeshi.

Wakati wa kurudi tulikuta askari wengine bariyerini. Grady hakuwepo. Mama Katungu amemwachia chake.

Butembo, Ijumaa, 2 Novemba

Makaburini mvua ilinyesha na hakuna aliyeondoka. Watu walisoma kwa sauti chini ya majani na miavuli, wanaojua kusoma wakiwasomea wasiojua. Nilisikia mistari ya Mama Katungu kutoka pande nne kwa wakati mmoja. Yeye alisimama katikati, amevaa kikwembe kipya, anajifanya hasikii.

Lakini niliona jambo. Kila mtu alikuwa na kaburi la kusimama kando yake. Yeye alizunguka, zunguka, hakusimama popote.

Jumatatu, 5 Novemba

Balaa. Dereva wa jino la dhahabu amekuja shuleni na kitabu mkononi. Anaitwa Vagheni. "Mwalimu! Batu bote mu parking ya Kirumba banasema mi njo Kifo! Leo muzee moja alikataa kupanda!"

Nilimwomba msamaha mpaka nikakauka. Aliondoka bado ananguruma.

Jumatano, 14 Novemba

Kamyo ya Vagheni imepita mbele ya shule. Ameandika mbele kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: FASI MOJA. Inasemekana sasa inajaa kuliko zote. Watu wanasema Kifo hakiwezi kujigonga chenyewe. Amenipigia honi.

Jumamosi, 24 Novemba

Pikipiki ya askari imesimama kwa Mama Katungu saa tatu asubuhi. Nilikuwepo. Adjudant Grady amekufa jana kwa homa, pale pale bariyeri. Komanda Elikia anaomba Mama aje kusema mashairi kwenye maziko.

Majirani walijaa uani kabla pikipiki haijazimwa. Usiende. Ndio hao waliomla mtoto wako. Wamezoea kuchukua, sasa wanachukua hata kilio chetu. Mama Katungu alimwambia askari, "Hapana. Rudia." Akaingia ndani, akafunga mlango. Sijawahi kuuona umefungwa.

Jumapili, 25 Novemba

Kabla ya misa ya kwanza alikuwa mlangoni kwangu, kikwembe cha msiba kiunoni.

"Mwalimu, weye unajua Lingala. Tunaenda."

"Mama, jana ulisema hapana."

"Jana nilikuwa ninamufikiri komanda. Leo ninamufikiri Grady. Iko na mama yake kule Équateur, hapana kujua kama mutoto anakufwa. Nani atamulilia? Bale basoda? Balume hapana kujua kulia, banakohoa tu."

Vagheni alitupeleka. Hakukubali malipo.

Kaburi lilikuwa tayari mlimani, udongo mwekundu unateleza kwa mvua. Askari kama thelathini. Mwili umefungwa katika shitingi. Komanda alinionyesha kitabu walichokikuta mfukoni mwa Grady, kimekunjwa kwenye ukurasa wa mama anayechagua maharagi.

Mama Katungu aliuliza, "Mama yake anaitwa nani?" Nikatafsiri. Hakuna aliyejua. "Basi leo ni mimi," alisema. Akapiga magoti katika matope, akaweka mkono juu ya shitingi, na hakusema hata shairi moja la kitabuni. Alimlilia kama mama: jinsi alivyokuwa mzito mgongoni, jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyopenda kucheka. Vitu alivyobuni, au vitu alivyovikumbuka juu ya mwingine. Mimi nilitafsiri nikiwa nalia. Wale askari walikohoa kweli. Kisha wakaacha kukohoa na kulia kama watu.

Walipomaliza kufukia, komanda alisimama na kuita kwa sauti ya kijeshi, "Adjudant Grady!" Na wote kwa pamoja, "Présent!" Ndivyo wanavyowaaga wao.

Kisha Mama Katungu akainuka, matope mpaka kiunoni, akasimama mbele yake.

"Mon commandant, nimelia mutoto yako. Sasa weye unalia ya kwangu."

Nilitafsiri.

"Mutoto gani?" komanda aliuliza.

"Mathe. Alipotea hapa na kinga yake. Miaka mbili. Hapana na kaburi, hapana na matanga. Siulizi ni nani. Ninaomba umuite, kama ulimuita Grady."

Niliona jasho juu ya mdomo wa komanda katika baridi ile. "Tulikuja hapa mwezi wa tatu," alisema kwa Lingala, taratibu. "Kabla walikuwa wengine. Lakini baadhi ya watu wangu nimewakuta hapa." Kisha akageuka, akaweka visigino pamoja.

"Jina lote?"

"Mathe Syauswa Ignace."

"Mathe Syauswa Ignace!"

Hakuna aliyejibu. Walitazamana. Si askari wao, si jina la orodha yao. Mvua ikaendelea. Ndipo mpishi wao, mtu mfupi mwenye aproni ya gunia, akasema peke yake, "Présent." Na wengine wote wakapaza, "Présent!" mpaka kilima ng'ambo kikarudisha.

Mmoja alijibu nyuma ya wengine, kwa sauti ndogo, na hakuinua macho. Nilimwona. Nikamtazama Mama Katungu. Yeye pia alikuwa amemwona. Alikaa chini katika majani ya kilima kile na kulia miaka yake miwili yote.

Katika kamyo nilimuuliza, "Yule wa nyuma, Mama. Ulimwona?"

"Nilimuona. Nyamuhanga pia anamuona." Akafuta uso kwa kikwembe. "Mi ninachoka kuangalia sura, Mwalimu. Ninataka kuangalia njia."

Akaangalia njia mpaka Butembo. Karibu na mji akamwambia Vagheni kwamba anaendesha kama mgonjwa, na Vagheni akalia na kucheka kwa pamoja.

Jumamosi, 1 Desemba

Matanga ya Mathe, siku tatu, uani kwa mama yake. Sikupata nafasi ya kukaa hata ya mguu mmoja. Abbé amekula mara nne. Mashairi walisema wengine. Yeye aliketi na kulishwa.

Jumanne, 4 Desemba

Mitihani. Mvua.

Jumamosi, 8 Desemba

Mama Katungu ameniita niende kwake na kikapu. Nilikuta chumba cha uani, kile ambacho sikuwahi kukiona kikiwa wazi, kiko wazi. Nguo za Mathe zilikuwa juu ya kirago, anazigawa: makoti kwa Abbé awape wakimbizi, suruali kwa jirani yule wa ukutani. Kitanda kimetolewa nje kipate jua, kwa kuwa leo kulikuwa na jua.

"Chumba iko butupu," alisema bila kunitazama. "Na weye uko unalipa fasi kwa batu benye hapana hata kukusalimia. Leta bintu yako."

Nilitaka kusema hotuba. Nilikuwa nayo, ya viatu na soksi.

"Mama, nitakusumbua."

"Njo ninataka."

Jumamosi, 15 Desemba

Nimehama. Vagheni amebeba vitabu vyangu na kulalamika kwamba vina uzito kuliko viazi. Niko sasa katika chumba cha uani, meza dirishani, na ninamsikia anagombana na jirani juu ya maharagi ya nani yameliwa na kuku wa nani.

Nilipofika na sanduku la mwisho, nilisimama mbele ya mlango wa nyumba na kubisha hodi, kama nilivyofundishwa. Akatoka na mwiko mkononi.

"Nani anabisha?"

"Ni mimi, Mama."

"Mutoto ya nyumba hapana kubishaka," alisema, akarudi jikoni, na mlango akauacha wazi.